Taya linalia "ka!" na sikio linauma: kabla hujang'oa jino pita huku kwanza

FundiSindano:
Wakuu habari za jioni. Mi humu ni msomaji tu miaka yote ila leo imebidi niandike. Juzi kaja mteja kuchukua gauni lake kashika shavu, namuuliza vipi, ananiambia gego linanitesa kesho naenda kung'oa. Nikamwambia hebu fungua mdomo, alivyofungua nikasikia "ka!" ile ile ninayoijua mimi. Nikamwambia dada kaa kwanza hapo kwenye benchi, gauni halikimbii.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mwanza. Kazi yetu mnaijua, Desemba na Januari hatulali, sare za shule zinapangana mpaka juu ya kochi la nyumbani. Sasa Desemba ya mwaka juzi nikaanza kuamka asubuhi shavu la kulia zito kama mtu niliyetafuna muwa usiku kucha, mapanja yanagonga, na sikio linauma kwa ndani. Nikaenda duka la dawa nikapewa matone ya sikio. Wiki mbili hamna kitu. Nikarudi nikapewa antibayotiki, nikameza zote, hamna kitu. Hapo maumivu yashashuka kwenye magego ya chini, nikaenda kituo kimoja (sikitaji na msiniulize) jamaa akanigongagonga meno na kile kichuma akasema hili ndo lenye shida, akang'oa. Nikapata nafuu siku tatu nadhani kwa sababu ya zile dawa za maumivu. Ya nne yakarudi. Nikarudi akasema basi ni la jirani yake, akang'oa na la jirani.

Lile la pili niliomba nilione. Alikuwa kaliweka kwenye pamba, nikaligeuza geuza, jeupe, mizizi yake miwili imenyooka, hata kitobo cha kuingia ncha ya sindano hakuna. Nilienda nalo nyumbani kwenye kibegi, mpaka leo lipo kwenye kopo la vifungo.

Kuja kupona ilikuwa ni bahati. Shangazi yangu alikuwa anapelekwa hospitali ya mkoa kwa daktari wa kinywa na meno mimi nikamsindikiza, yule daktari dada mmoja mdogo tu akaniona nashika shavu, akaniuliza na wewe? Hakuniuliza jino gani linauma. Aliniuliza UNAFANYA KAZI GANI. Nikamwambia nashona. Akacheka akasema pini unashika na nini? Nikanyamaza, maana pini mafundi wote tunashika na meno, na uzi tunakata na meno.

Akanibonyeza hapa kwenye shavu karibu na pembe ya taya, ule msuli unaotuna ukiuma meno, wakuu niliruka kwenye kiti. Maumivu yakaenda moja kwa moja pale yalipokuwa yale magego yangu mawili marehemu. Akasema unaona? Msuli ndo unauma, jino linasingiziwa. Akaniambia toa ulimi, pembeni una alama za meno kama kingo za kitambaa kilichokatwa na mkasi wa zigizaga, na ndani ya shavu kuna mstari mweupe. Anasema hizo ni dalili za mtu anayekaza meno mchana kutwa bila kujua.

Sasa alivyonielewesha ni hivi, na mimi nawapa kama nilivyopewa. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, fungua mdomo, utasikia kifundo kinasogea. Kile ni kichwa cha mfupa wa taya la chini kinacheza kwenye kishimo cha fuvu, na katikati yao kuna kisahani cha gegedu kama vile washa kati ya bolti na nati. Ukianza kufungua kinazunguka kama bawaba ya mlango, ukifungua zaidi kinateleza kwenda mbele. Kisahani kikiwa kimesogea mbele kuliko panapotakiwa, ule mfupa ukifika hapo unakirukia, ndo hiyo "ka!". Na kwa sababu kiungo kimepakana na sikio na wanashirikiana mshipa wa fahamu, ubongo unachanganya, unadhani sikio linaumwa. Ila akasema wengi wanaokuja kwake kiungo chenyewe hakina ubaya mkubwa, ni misuli imechoka tu.

Tiba alizonipa zote zilikuwa za kimasikini. Kukanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto dakika 15 hadi 20 asubuhi na jioni. Wiki mbili kula vilaini, mtori, uji, ndizi za kuchemsha, makande yaliyoiva mpaka yanajisalimisha, hakuna muwa wala mahindi ya kuchoma wala bigijii. Kupiga miayo huku nimeshikilia kidevu na ngumi. Kutolala kifudifudi. Dawa ya maumivu aina ya ibuprofeni siku chache tu tena baada ya kula. Na kubwa kuliko zote ni hii: MDOMO UMEFUNGWA, MENO YAMEACHANA, ulimi umepumzika juu kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele. Meno ya juu na ya chini yanatakiwa yakutane wakati wa kula na kumeza tu. Nikaandika karatasi "MENO" nikabandika kwenye kichwa cha cherehani, kila nikiinua macho naachia taya. Siku ya kwanza nilijikamata nimekaza kila nilipoangalia. Kila nilipoangalia!

Baada ya wiki sita hivi nikawa naamka shavu jepesi. Linalia bado mara moja moja ila haliumi. Magego ndo hayarudi.

mkata_miwa:
Dah pole sana. Mimi langu linalia toka niko sekondari, kushoto, lakini haliumi na nafungua mdomo fresh. Nikatibu au niache?

FundiSindano:
Mkuu mimi nilimuuliza hilo hilo, akasema mlio peke yake bila maumivu na bila kukwama ni kitu cha kawaida, watu wengi wanao, hautibiwi. Usiende kumtafutia mtu hela.

babu_kahawa:
Mnazunguka mbali. Kusaga meno usiku ni minyoo, wazee wetu walijua. Meza dawa ya minyoo utalala kama mtoto.

nesi_zamu_ya_usiku:
Babu shikamoo lakini hapo hapana. Dawa ya minyoo meza kwa sababu ya minyoo, kusaga meno ni habari nyingine. Watoto wengi wanasaga na wanaacha wenyewe wakikua, ingawa ukilala naye chumba kimoja utadhani panya anakula kabati. Kwa watu wazima kinachochochea ni stresi, usingizi mbovu, pombe, sigara, kahawa nyingi (samahani babu), na pia baadhi ya dawa, hasa zile za sonona kama fluoksetini na sertralini. Anayetumia hizo asije akaacha ghafla kwa sababu ya uzi huu, amwambie daktari wake, dozi inaweza kurekebishwa.

Na kwa kuwa watu watasoma hapa wajitibu, naomba niweke tahadhari. Sio kila taya ni kiungo. Taya linakaza halifunguki, na una kidonda, hata cha msumari cha wiki moja au mbili nyuma, na shingo nayo inakuwa ngumu, hiyo ni pepopunda mpaka ithibitike vingine, usikande na maji ya moto, kimbia hospitali. Shavu limevimba, joto la mwili, kumeza shida, hilo ni jipu au jino la mwisho limeleta uambukizi, hospitali siku hiyo hiyo. Taya linauma ukipanda ngazi halafu linapoa ukipumzika, au limekuja na kifua kubana na jasho la baridi, huo ni moyo, nimeshaona mtu ameletwa anasema jino. Maumivu kama shoti ya umeme ya sekunde chache ukigusa shavu au ukipiga mswaki, huo ni mshipa wa fahamu wa uso, una dawa zake. Na mtu aliyevuka miaka 50 taya linamchoka akitafuna, kichwa kinauma pembeni na macho yanaanza kufifia, asisubiri kesho.

FundiSindano:
Asante nesi. Hilo la pepopunda sikuliweka na ni muhimu kuliko yote niliyoandika.

MvitaMjini:
Salaam aleikum jamani. Mie niko Mombasa na nataka kusema ukweli wangu ingawa mke wangu anasoma humu. Mie natafuna miraa, si kila siku, lakini nikikaa barazani nakaa kuanzia alasiri mpaka usiku mkubwa, na shavu langu ni moja tu, la kushoto, ndilo lenye kazi. Na tunatia na bigijii ndani ili uchungu upungue. Sasa mwezi huu mdomo umekataa kufunguka, vidole viwili ndio mwisho, zamani ulikuwa ukilia lakini sasa haulii tena, nikadhani nimepona kumbe hata chapati naikata vipande vipande nitie mdomoni. Hii ndiyo hiyo hiyo au ni kitu chengine?

kiungo_mchezeshaji:
Bwana wa Mvita wa aleikum salaam. Mimi ni fizio, jina langu humu ni la mpira lakini viungo ndo kazi yangu kweli. Ulichoelezea, kulia kukaisha halafu mdomo ukakataa kufunguka, mara nyingi ndo kile kisahani kimeenda mbele kikabaki huko, zamani mfupa ulikuwa unakirukia sasa umeshindwa, kimekuwa kama zulia lililokunjamana chini ya mlango. Kwa hiyo kunyamaza kwake sio kupona. Kipimo rahisi cha nyumbani: vidole vitatu vyako mwenyewe, cha shahada, cha kati na cha pete, viingie wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima kwa kawaida anafungua milimita 40 na kuendelea. Wewe uko viwili, nenda ukaonwe wiki hii, hapo kwenu kuna madaktari wa upasuaji wa kinywa na taya. Habari njema ni kwamba wengi wanaokwama hivyo wanafunguka taratibu kwa mazoezi na muda. Ikigoma kuna kusafisha kiungo kwa sindano na maji ya chumvi, sio operesheni kubwa.

Na miraa acha kwa sasa. Simaanishi upunguze. Masaa sita ya shavu moja na bigijii juu, hata goti lisingevumilia. Isitoshe miraa inakufanya ukaze taya hata baada ya kutema.

MvitaMjini:
Wallahi sikujua. Nitakwenda. Mke wangu keshaona ananitazama.

mama_wawili:
Fizio tupe hayo mazoezi basi, sio kila mtu ana hela ya kuja.

kiungo_mchezeshaji:
Sawa. La kwanza, ulimi kaakaani, ncha yake nyuma ya meno ya mbele, usiuachie, fungua mdomo taratibu mpaka pale ulimi unapotaka kuachia, simama hapo, funga. Mara sita, rudia mara kadhaa kwa siku. Fanya mbele ya kioo, angalia kidevu kisiende pembeni kama droo iliyokaa vibaya. La pili, kusukuma kwa upole, kidole gumba chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo huku kidole kinazuia, hesabu mpaka tano, achia. Unaufundisha ule msuli wa kufungia ulegee. La tatu, kukanda mwenyewe ule msuli wa shavuni kwa ncha za vidole, duara dogo dogo, dakika moja moja, kabla ya kulala na baada ya maji ya moto. Likiongeza maumivu makali, acha. Halafu angalia shingo na mabega, mtu anayeinamia simu au cherehani kichwa kimetoka mbele kama kobe, taya linavutwa. Fundi nadhani hii hukuambiwa.

FundiSindano:
Sikuambiwa. Nimeinua kiti changu sasa hivi nikiwa nasoma.

DogoLaTabata:
Mimi nimeshauriwa nitengenezewe ile kinga ya meno ya kuvaa usiku. Inafaa? Na mwingine kaniambia meno yangu hayakutani vizuri nisagiwe kidogo yakae sawa ndo itaisha.

FundiSindano:
Ya kuvaa nilitengenezewa mwezi wa tatu. Wanakubandika udongo fulani laini mdomoni unaung'ata unaganda, unatoka na sura ya meno yako, halafu kwenye hiyo sura ndo wanatengeneza kama plastiki ngumu ya kuonekana kupitiliza. Bei yake kwangu ilikuwa sawa na kushona suti mbili za kike na blauzi juu. Usiku wa kwanza nilihisi nimelala na kiatu mdomoni, mate yanatoka tu, wiki ya pili nikazoea. Naionea faida kwa sababu ina alama za kukwaruza, yaani hiyo mikwaruzo ingekuwa kwenye meno yangu.

kiungo_mchezeshaji:
Dogo, fundi kasema vizuri, ile inalinda meno. Kwa maumivu ni habari nyingine kidogo. Desemba 2023 jarida la kitabibu la BMJ lilitoa mwongozo wa maumivu ya taya yaliyokaa miezi mitatu na zaidi, waliyoyapa nguvu ni mazoezi ya taya na kunyoosha kwa usimamizi, kukandwa misuli na mtaalamu, mazoezi ya mkao wa mwili, na tiba ya kuzungumza ya kubadili mawazo na tabia. Kinga za kuvaa na kuvua waliziweka upande wa kutozipendekeza kwa wenye maumivu hayo, ila sio kwa msisitizo. Kati ya walivyokataa kwa msisitizo ni vile vifaa vinavyobadilisha mpangilio wa meno kwa kudumu na operesheni ya kutoa kisahani. Kwa hiyo kwenye kusagwa meno yakae sawa mimi nakuambia usikubali, jino likisagwa halioti tena. Anza na yale unayoweza kurudi nyuma.

FundiSindano:
Mi na fizio hapa tunatofautiana kidogo, mimi ya kuvaa imenisaidia na siiachi. Ila kusagwa hapana, na kung'olewa hapana. Uliza wenye mapengo.

mkata_miwa:
Naomba niulize nje ya mada kidogo. Mjomba wangu mwaka jana kwenye harusi alipiga mwayo mmoja mkubwa mdomo ukabaki wazi, haufungi, anaongea "aaah aaah" watu wanadhani kapandisha mashetani, MC akazima muziki. Ile nayo ni hiyo hiyo?

nesi_zamu_ya_usiku:
🤣 pole mjomba. Ile ni kuteguka taya, kile kichwa cha mfupa kimevuka kilima cha mbele kikashindwa kurudi. Wanavyorudisha, daktari anafunga vidole gumba vyake na kitambaa au bandeji (taya likirudi mdomo unafunga kwa nguvu, anaweza kung'atwa), anaviweka juu ya magego ya chini pande zote mbili, anasukuma chini kwanza halafu nyuma. Ni ufundi wa zamani mno, umeandikwa kwenye mafunjo ya kitabibu ya Misri ya kale, na Hippocrates wa Ugiriki naye kaeleza. Lakini msijaribu huko harusini, mtu anaweza kuwa na mfupa uliovunjika. Mpelekeni, mapema ni rahisi, akikaa misuli inakaza inabidi alazwe usingizi. Akisharudishwa wiki kadhaa asifungue mdomo sana, mwayo na ngumi chini ya kidevu kama fundi alivyosema.

Nyingine niongeze, kuna dawa ya kuzuia kutapika, metoklopramaidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, kuna watu wakipata wanakazwa taya na shingo ghafla, macho yanapanda juu. Familia wanadhani karogwa. Rudisheni hospitali alikopewa, kuna sindano inayoondoa hali hiyo haraka.

mkata_miwa:
Mjomba alipelekwa kwa mganga kwanza. Ndo maana nimeuliza.

babu_kahawa:
Nesi nimekusoma. Kahawa sipunguzi ila hilo la meno kuachana nimejaribu hapa nikagundua nilikuwa nimeyakaza na nasoma tu. Hivi ni kawaida?

FundiSindano:
Babu ndo kawaida yenyewe hiyo. Mimi nikiwa naunga kola ndo mbaya zaidi, au nikipitisha zipu ya kuficha. Kitu kinachotaka umakini tu, taya linakaza lenyewe, kama vile meno ndo yanashona.

mama_wawili:
Fundi na yule mteja wako wa juzi je, alienda kung'oa?

FundiSindano:
Hakwenda. Nilimpa jina la yule daktari dada, jana kanipigia simu anasema kabonyezwa shavu karuka kwenye kiti kama mimi. Ila kakutwa pia na gego moja lenye tundu upande wa pili kabisa ambalo halikuwa linauma, litazibwa.

mama_wawili:
Na pini sasa unashika na nini?

FundiSindano:
Nimenunua kile kimto cha kufunga mkononi kama saa, na kimkasi kidogo cha kukatia uzi nimekining'iniza shingoni na utepe. Wiki zote hizi niko vizuri. Sasa jana alasiri mteja kasimama mbele ya kioo napunguza kiuno cha gauni, ananiongelesha nashindwa kumjibu, nashangaa kwa nini simjibu. Nina pini tatu mdomoni.

babu_kahawa:
😂😂 zitoe basi.

FundiSindano:
Nimezitoa babu. Mbili. Ya tatu nilikuwa naihitaji.